Maji ya kisima yana rangi, yananuka au yanateleza: mjue mkosaji kabla hujanunua filta

Watu wengi wakiona maji ya kisima yamebadilika wanakimbilia filta, wakishaifunga wiki mbili tu maji yamerudi vilevile wanasema wameuziwa feki. Mara nyingi filta haina kosa. Shida ni kwamba hilo neno "chuma" kwenye maji lina maana kama nne hivi: kuna chuma kilichoyeyuka, kuna chuma ambacho kishakuwa kutu, kuna chuma kilichong'ang'aniwa na mabaki ya majani yaliyooza, na kuna chuma kinachofugwa na bakteria, na dawa ya huyu haimgusi yule. Salfa ni hivyohivyo, klorini hivyohivyo, aseniki ndo usiseme. Karatasi ya maabara ikiandika "chuma miligramu 2 kwa lita" imekupa kiasi tu, haijakwambia hicho chuma kiko katika hali gani, na bila kujua hali yake utanunua mitambo mpaka uchoke.

Kabla ya yote chukua chupa mbili za kioo angavu. Moja jaza kwenye bomba lililo karibu kabisa na pampu, kabla maji hayajafika kwenye tangi, acha yatiririke dakika kadhaa kwanza. Ya pili jaza kwenye bomba la mwisho ndani ya nyumba, tena asubuhi kabla mtu hajatumia maji. Ziweke juu ya karatasi nyeupe, ziangalie saa hiyohiyo, angalia tena baada ya nusu saa, halafu kesho yake. Nunusa pia. Kipimo hiki hakigharimu kitu na nusu ya kesi zote zinaishia hapo, sitanii.

Yametoka masafi kama kawaida, baadaye yakawa ya njano au kahawia

Huyo ni chuma kilichoyeyuka, kile chenye chaji mbili. Chini ya ardhi hakuna oksijeni kwa hiyo kinakaa kimetulia ndani ya maji na hakionekani, kikipanda juu kikakutana na hewa kinapoteza elektroni moja, kinakuwa cha chaji tatu, na cha chaji tatu hakiwezi kukaa kimeyeyuka kwenye maji ya kawaida, kinajikusanya kuwa chembe za kutu. Sasa ona kosa linapotokea: mtu anafunga filta ya mchanga au ya sponji moja kwa moja baada ya pampu, maji yanapita hapo yakiwa bado angavu, chuma kinapenya kama sukari inavyopenya kitambaa, halafu kutu inakuja kujitengeneza ndani ya tangi lake mbele ya safari. Filta imekaa mahali pabaya, basi.

Dawa yake ni kuyapa hewa kwanza, yaani yaanguke kama mvua au yapite kwenye trei zenye matundu, kisha yapate muda wa kukaa, ndipo filta. Ila angalia pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (7 ni katikati, chini yake ni machachu), kabla hujajenga chochote. Kasi ya chuma kugeuka kutu inapanda kama mara 100 kwa kila hatua moja ya pH, ndo maana mtu mwenye pH 7.5 anaona maji yamegeuka rangi ndani ya dakika chache na mwingine mwenye pH 6 anayarusha hewani siku nzima na bado yanaingia kwenye filta yakiwa angavu. Huyo wa pH 6 anatakiwa apandishe pH kwanza, mara nyingi kwa kuyapitisha kwenye chokaa mawe iliyosagwa, au atumie klorini badala ya kutegemea hewa.

Kuhusu afya usiogope sana, chuma hiki kinakera kuliko kinavyodhuru. Kuanzia miligramu 0.3 kwa lita nguo nyeupe na masinki vinaanza kupata madoa, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa chuma kwenye maji ya kunywa.

Yametoka mekundu tayari

Linganisha zile chupa mbili. Ya pampu ni safi na ya ndani ni nyekundu, tena ukiacha bomba wazi dakika mbili inapungua: ni mabomba yako ya chuma yanakula kutu, kisima hakihusiki. Zote mbili nyekundu: chuma kishageuka kutu kabla ya kutoka, na hapo ndo filta ya kawaida inafanya kazi vizuri. Ikiwa ni rangi ya chai, hata kesho yake haina mashapo chini wala haijabadilika, hicho ni chuma kilichoshikwa na asidi za mimea iliyooza. Hewa haikisumbui, filta ya mchanga haikioni, kinahitaji shabu ya kusafishia maji ili kigandishwe pamoja na hizo asidi. Na usikimbilie kukimwagia klorini nyingi, klorini ikikutana na mabaki ya mimea inatengeneza kemikali za jamii ya klorofomu ambazo huzitaki kwenye maji ya kunywa.

Kuna utelezi, ute wa rangi ya chungwa, filta inaziba kila siku

Fungua mfuniko wa tangi la choo cha kuflashi. Kama kuna kitu kama jeli ya kahawia kimeshika kuta, una bakteria wa chuma. Wanaojulikana zaidi ni Gallionella ferruginea, ambaye kwenye hadubini anaonekana na mkia uliosokotwa kama utepe, na Leptothrix ochracea anayeacha virija vitupu vya kutu. Hawa wanachukua kile chuma cha chaji mbili na kukigeuza wao wenyewe kabla hewa haijakigeuza. Mrusi Sergei Winogradsky ndo alianza kuonesha, mwishoni mwa miaka ya 1880, kwamba kuna vijidudu vinaishi kwa kutumia madini, akaanza na Beggiatoa wa salfa kisha akaja kwa hawa wa chuma.

Hapa ndo karatasi ya maabara inakudanganya vibaya. Bakteria wamekusanya chuma chote kwenye ute wao ukutani, kwa hiyo ukipima maji yenyewe chuma kinaweza kuonekana kidogo tu na wewe unashangaa mbona filta imejaa tope. Ikitokea hivyo pima ute, au uuangalie kwenye hadubini.

Kuna dalili nyingine inatisha watu bure: utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua juu ya maji yaliyosimama, mtu anapiga kelele kuna dizeli imevuja. Chukua kijiti uuguse. Ukivunjika vipandevipande kama kioo chembamba na vipande visirudiane, ni bakteria na chuma. Ukijirudisha na kuungana tena, hayo ni mafuta kweli, acha kunywa hayo maji na uanze kutafuta yanapotokea.

Bakteria wa chuma wenyewe hawaleti ugonjwa, lakini wanaziba pampu na chini ya ute wao oksijeni inaisha kabisa, bakteria wale wanaoleta harufu ya yai bovu wanapata chumba cha kulala. Dawa ni kusugua kisima kwanza halafu klorini ya nguvu, miligramu 50 hadi 200 kwa lita, iache mpaka kesho yake, kisha uyasukume nje yote mpaka harufu iishe. Watu wanaruka hatua ya kusugua, wanamwaga klorini tu, inaungulia juu ya ute na wa chini wanabaki hai, mwezi ujao wako palepale. Hata ukifanya vizuri jiandae kurudia, sijawahi kuona kisima ambacho walishaingia wakaondoka moja kwa moja. Na tafadhali usije ukachanganya asidi ya kusafishia kisima na klorini, hiyo inatoa gesi ya klorini na ni sumu.

Madoa meusi

Manganizi. Tabia yake inafanana na ya chuma ila ni mkaidi zaidi, kwa hewa peke yake haigeuki kwa kasi ya maana mpaka pH ipite 9 hivi. Ndo maana mtu anafunga mtambo wa hewa, wekundu unaisha, halafu weusi unajitokeza anasema mtambo umeleta weusi. Weusi ulikuwepo siku zote, ulifichwa na wekundu. Inataka mchanga uliopakwa manganizi dioksaidi, au pamanganeti (dawa ya rangi ya zambarau inayoigeuza manganizi), na ukizidisha pamanganeti maji yanakuwa ya pinki, hapo unajua mwenyewe umezidisha. Usiichukulie poa kama chuma, kikomo cha muda cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.08 kwa lita na wanaofikiriwa hapo hasa ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa na maji hayo. Nguo zenye madoa ya chuma au manganizi usizitie dawa ya klorini, unayagandisha kabisa, tumia asidi ya limau.

Yananuka yai bovu

Jaza glasi kisha toka nayo nje, mbali na sinki, ndo unuse. Kama nje hainuki, harufu ni ya bomba la maji machafu la hilo sinki, na kisima umekisingizia.

Kama inanuka kwenye maji ya moto tu, mkosaji ni hita. Ndani yake kuna fimbo ya magnesiamu iliyowekwa ili iliwe yenyewe badala ya tangi, inapoliwa inatoa haidrojeni, na bakteria wanaopumua salfeti kama wengine wanavyopumua oksijeni, Desulfovibrio na ndugu zake, wanaitumia kutengeneza haidrojeni salfaidi. Badilisha iwe fimbo ya alumini yenye zinki, na tangi liuliwe bakteria kwa klorini au joto. Usiing'oe ukaacha bila fimbo, tangi litaoza.

Inanuka ya moto na ya baridi, ila ukiacha yatiririke inapungua: bakteria wako ndani ya kisima chako au mabomba, na klorini ya nguvu kama ile ya juu inasaidia. Inanuka vilevile hata baada ya saa nzima ya kupampu: gesi iko kwenye mwamba wenyewe, hapo unatibu kila tone, huwezi kumaliza siku moja.

Sasa kwenye kutibu kuna mtego mmoja ambao umewatoa watu jasho. Salfaidi kwenye maji ina sura mbili, gesi yenyewe inayonuka na inayoweza kurushwa hewani, na aioni yake, yaani chembe yenye chaji moja ya umeme, ambayo hairuki. Kwenye pH 7 ziko nusu kwa nusu. Kwenye pH 8 karibu asilimia 90 ni aioni. Mtu anajenga mnara wa kurusha maji, siku za kwanza harufu inapungua kweli, lakini mnara huohuo unatoa pia kaboni dioksaidi, na kaboni dioksaidi ikitoka pH inapanda, pH ikipanda salfaidi iliyobaki inajificha kwenye aioni na haitoki tena. Anaongeza feni, anaongeza trei, wapi! Maji yakifika mahali ambapo pH inashuka, harufu inarudi kama hujafanya kitu. Kama pH yako iko juu ya 7.5 achana na mnara peke yake, tumia klorini. Kwa hesabu ya kemia inataka kama miligramu 2 za klorini kwa kila miligramu ya salfaidi ili iishie kwenye salfa, na zaidi ya 8 ukitaka ifike mpaka salfeti. Ukiishia katikati maji yanakuwa meupe kama yametiwa maziwa, ule weupe ni chembe za salfa, ina maana dozi haijatosha. Chembe nyeusi zinazoelea nazo ni salfaidi imeshikana na chuma.

Na hili soma mara mbili. USISHUKE kwenye kisima chenye harufu hiyo, hata kwa kamba. Gesi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, na ikizidi pua inakufa ganzi huisikii tena. Mtu anafikiri imeisha kumbe imezidi. Anayemfuata kumwokoa naye anabaki hukohuko.

Harufu ya udongo au uvundo wa kuvu

Hii ni zaidi kwa maji ya bwawa au kisima kinachopata maji ya juu. Ni jeosimini, kemikali ambayo Nancy Gerber na Hubert Lechevalier waliitenga na kuipa jina mwaka 1965, inatengenezwa na Streptomyces wa kwenye udongo na baadhi ya sayanobakteria, wale bakteria wa kijani wa kwenye maji. Pua ya mtu inaikamata ikiwa nanogramu chache tu kwa lita, kwa hiyo usitegemee vipimo vya kawaida viione. Klorini haifui dafu kwake, filta ya kaboni ndo kiboko yake. Haina sumu, ila kama bwawa limefunikwa na kijani kama rangi iliyomwagwa, wasiwasi wa kweli ni Microcystis na sumu yake ya maini. Ukichemsha, sumu haiondoki, na ukiwaua bakteria kwa klorini au salfeti ya shaba wakiwa bado kwenye maji wanapasuka na kumwaga sumu yote humo. Wachujwe wakiwa wazima kwanza.

Klorini imewekwa lakini haielewiki

Inanuka klorini kali na watu macho yanawasha, kila mtu anasema punguza. Subiri. Ile harufu kali mara nyingi si klorini yenyewe, ni klorini iliyoshikana na amonia, na dawa yake inaweza kuwa kuongeza. Ukiweka klorini kwenye maji yenye amonia kipimo cha klorini jumla kinapanda, baadaye unaongeza dozi na kinashuka, unadhani mashine imeharibika, kumbe amonia inachomwa, ikishaisha ndo kinaanza kupanda tena na sasa ni klorini huru, yaani isiyoshikana na amonia. Kwa hesabu ni kama gramu 7.6 za klorini kwa gramu moja ya amonia ikihesabiwa kama naitrojeni. Kwa hiyo pima huru na jumla, zote mbili. Mi nilihangaika siku tatu nikipima jumla peke yake, nimeridhika kabisa, bakteria nao wameridhika.

Klorini huru ipo lakini vijidudu havifi? pH tena. Asidi ya haipoklorasi, ile sura ya klorini inayoua vizuri, iko nusu pH ikiwa 7.5 hivi, kwenye 8.5 imebaki kama sehemu moja ya kumi, iliyobaki ni haipokloraiti ambayo inaua polepole sana. Ndo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka pH chini ya 8, nusu saa ya kukaa na angalau miligramu 0.5 kwa lita. Na kama unaweka klorini kila siku na kipimo kinabaki sifuri, chuma, manganizi na salfaidi vinaila yote kabla haijafika popote, rudi juu kwenye hao kwanza.

Vidogovidogo: weupe unaoondoka kuanzia chini kwenda juu ni hewa tu, ukitulia chini na ukitiwa siki ukatoa povu ni chokaa, madoa ya bluu au kijani ni shaba ya mabomba inaliwa na maji yenye pH ndogo, ute wa pinki bafuni ni Serratia marcescens, anatoka hewani na kwenye vumbi, anapenda sabuni iliyobaki na unyevu, maji yako hayana hatia.

Hakuna dalili yoyote

Hawa ndo wa kuogopa, aseniki, naitreti, floraidi na E. coli (bakteria wa kinyesi) havina rangi wala harufu. Ila kuna ngazi moja inasaidia kukisia. Vijidudu vya chini ya ardhi vikikosa oksijeni vinatumia naitreti, ikiisha vinaenda kwenye manganizi, kisha chuma, kisha salfeti. Kwa hiyo maji yenye chuma kilichoyeyuka na harufu ya yai kwa kawaida hayana naitreti, imeshaliwa zamani. Ukiona karatasi yako ina vyote pamoja ujue ni maji mawili yamechanganyika, ya chini yasiyo na hewa na ya juu yanayoingia kupitia ufa kwenye bomba la kisima au mdomo wake, na ya juu ndo yanakuja na kinyesi. Hapo usinunue kitu, ziba kwanza. Naitreti soma na kipimo chake pia, 50 ikihesabiwa kama naitreti ni sawa na 11 ikihesabiwa kama naitrojeni, watu wamelala usingizi mzuri na 30 wakidhani iko chini ya 50 kumbe karatasi ilimaanisha naitrojeni. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua yenyewe inabaki, inazidi ukali.

Aseniki kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita, na nayo ina sura mbili. Ya chaji tano inashikwa vizuri na kutu ya chuma, ya chaji tatu kwenye pH ya kawaida haina umeme wowote, inapita kwenye filta kama haipo. Na maji yenye chuma kilichoyeyuka ndo mara nyingi yana hii ya chaji tatu. Hewa inakigeuza chuma fasta lakini aseniki inaigeuza taratibu mno, kwa hiyo unaweza kuwa na mtambo wa hewa unaotoa maji angavu yasiyo na doa hata moja na aseniki imo. Klorini inaigeuza ndani ya dakika, iweke kabla ya filta ili ile kutu iikamate.

Ukipeleka sampuli omba chupa za maabara yenyewe. Ya chuma ichujwe palepale kisimani kisha itiwe asidi, na nyingine isiyochujwa nayo itiwe asidi, tofauti ya hizo mbili ndo kutu, ile iliyochujwa ndo kilichoyeyuka. Ya salfaidi jaza mpaka juu pasibaki hewa na waulize dawa ya kuishikilia, la sivyo itafika haina kitu. Ya E. coli iwe chupa iliyochemshwa na kufungwa na maabara, mdomo wake usiuguse, iweke kwenye barafu na ifike ndani ya siku hiyohiyo. pH pima mwenyewe hapohapo kisimani, ikifika maabara kesho kaboni dioksaidi itakuwa imetoka na utapewa namba ya maji mengine kabisa.